Picha Ikiisha

Jumapili ile Siti alipangusa kioo cha televisheni ya sebuleni, akaenda jikoni, akarudi, akakipangusa tena. Mama yake alikuwa kwenye kochi akikunja nguo zilizotoka kuanuliwa. Alimwacha kwanza, akimtazama kwa jicho la pembeni, lakini alipomwona anakiendea kioo kwa mara nyingine alishindwa kunyamaza.

"Kitatoboka hicho."

"Kina vumbi, mama."

"Vumbi liko moyoni mwako. Hapo kwenye kioo hamna kitu."

Siti akacheka bila kutaka, akakitupa kitambaa begani, akaenda dirishani kuchungulia njia. Hapakuwa na mtu.

Siti halikuwa jina alilopewa na wazazi wake, lakini lilimkaa kama nguo iliyoshonwa kwa kipimo chake. Alilipata mtandaoni, kwenye kikundi cha watu wanaopenda picha za zamani. Kila wiki walichagua picha moja, kila mtu akaitazama kwake, kisha wakakutana kwenye simu zao kuisifu, kuiponda na kugombana kwa raha zao. Siku aliyojiunga alitakiwa achague jina, naye akaandika Siti ya Nyuma, kwa kuwa utoto wake aliumalizia kwenye viti vya nyuma vya ukumbi wa sinema, chini ya kidirisha cha chumba cha mtambo. Ndani ya chumba hicho baba yake ndiye aliyekuwa akionyesha picha. Wenzake kikundini wakalifupisha jina, akabaki Siti. Hata kwenye duka la miwani alikokuwa fundi, walishaanza kumwita hivyo.

Na ni kikundini humo alimokutana na Bisi Baridi.

Huyo naye jina lake lilikuwa na sababu. Alipotazama picha alisahau kula, bisi zikapoa kwenye bakuli mpaka mwisho. Kazi yake ilikuwa kutengeneza lifti, na uhakiki wake aliuandika akiwa juu kabisa ya majengo, kwenye vyumba vya mashine, akisubiri mafuta yaingie kwenye gia. Uhakiki wa kwanza wa Bisi ambao Siti aliusoma ulihusu picha ya majambazi. "Stelingi kapigwa risasi tatu," aliandika, "lakini shati lake bado limenyooka. Namwomba mkewe atuambie anatumia pasi gani." Siti aliusoma akiwa dukani, akacheka mpaka mzee aliyekuwa akipimwa macho akadhani amekosea kusoma herufi ubaoni, akaomba aanze upya.

Siti akamjibu. Bisi naye akajibu jibu. Wakaanza kupigiana simu, kwanza kuhusu picha, baadaye kuhusu kila kitu. Walijuana sauti, walijuana vicheko, walijuana hata namna ya kupumua mtu anapokaribia kusinzia. Sura tu ndiyo hawakujuana, maana kikundi hakikuwa na desturi ya kuweka sura, na wao wenyewe walikuwa wakiahirisha, kama mtu anayehifadhi kipande kizuri cha nyama pembeni mwa sahani.

Kisha ikafika zamu ya Siti kuchagua picha, na pepo mbaya akapita.

Alichagua "Mwanamke wa Behewa la Tatu", picha aliyoitazama tangu hajaota meno ya mbele. Ni kisa cha binti anayependana na kijana mtengeneza miavuli, na nyumbani kwao wanamkataa kijana huyo. Mwishoni binti anapandishwa treni. Kijana anabaki stesheni, ameshika mwavuli aliousahau binti. Treni inaondoka, moshi unafunika kila kitu, basi. Siti aliandika uhakiki wake kwa moyo wote. "Mwanamke huyu hakurudi," alisema, "na kwa kutorudi kwake ndiyo maana hatumsahau. Hata lile neno la mwisho kwenye kioo limeandikwa kwa herufi zilizopinda, kama aliyeliandika alikuwa akilia."

Bisi akajibu haraka, kwa mzaha wake wa siku zote: "Siti, ulisinzia? Mwanamke anarudi. Anayesema hakurudi hajaiona picha hii."

Watu wakacheka sana. Siti hakucheka. Picha ile ndiyo aliyoitazama akiwa mapajani mwa baba yake, ndiyo waliyoirudia kila alipougua, ndiyo aliyoijua kama njia ya kwenda kwao. Leo mtu anamwambia hajaiona. Akaandika, "Kama mimi ni mwongo, tusisumbuane," akazima simu.

Jioni hiyohiyo Bisi aliyafuta maneno yake, akaandika mbele ya kikundi kizima: "Nimemkosea Siti. Namwomba radhi." Hakuongeza neno. Wenzake wakamcheka, wakasema Bisi kafyata mkia, wengine wakamwita kondoo. Hakuwajibu. Kesho yake Siti aliyasoma yote kwenye kompyuta ya dukani, ila moyo wake ulikuwa bado umevimba. Aliona kwamba Bisi ameomba radhi kwa maneno yake, lakini hakusema kwamba yeye Siti ndiye aliyekuwa sahihi.

Kikundi kilikuwa na sheria moja isiyovunjwa: waliogombana kwa ajili ya picha hawasemeshani tena mpaka waitazame pamoja, mwanzo hadi mwisho. Kwa kawaida kila mmoja alikaa kwake, wakabonyeza kitufe kwa wakati mmoja. Lakini msimamizi wa kikundi, mkunga mstaafu aliyejiita Mama Pazia, alimpigia Siti kwenye simu ya duka la miwani.

"Nyinyi wawili hapana," alisema. "Nyinyi mtakaa chumba kimoja."

"Mama Pazia, sheria haisemi hivyo."

"Sheria niliitunga mimi. Mwanangu, nimezalisha wanawake wengi. Kitu kikitaka kutoka nakijua."

Ndipo Siti akalazimika kumwambia baba yake.

Baba yake, ambaye mtaa mzima ulimwita Mzee Mtambo, hakupandisha sauti. Hakuwa mtu wa kupandisha sauti. Alikuwa akimenya chungwa, akalimenya lote, akaligawa, akampa binti yake nusu.

"Mama," alimwambia, maana ndivyo alivyozoea kumwita binti yake, "mimi nimewaonyesha watu wanaume wazuri kwenye kioo maisha yangu yote. Taa zikiwashwa, hawapo."

"Huyu yupo, baba. Anatengeneza lifti."

"Umemwona?"

Siti akatazama chungwa lake.

"Basi aje," baba akasema. "Tutaitazama hiyo picha hapa, mbele yangu. Picha ikiisha, mgeni ataaga, na hayo mambo ya kwenye simu yataaga naye. Tumeelewana?"

Na Siti, kwa kuwa siku hiyo hasira ilikuwa bado ya moto, alisema ndiyo. Sasa Jumapili imefika, hasira imepoa kama bisi, na ile ndiyo yake ilikuwa imemkwama kooni.

Mlango ukagongwa.

Aliyesimama pale nje hakuwa mrefu kama sauti yake. Alivaa shati jeupe lililopigwa pasi kwa bidii kuliko ujuzi, amebeba mfuko wa karatasi kwa mikono miwili kama anabeba yai. Alikuwa na uso mpole na masikio makubwa kidogo. Miwani yake mkono mmoja ulikuwa umevunjika, umefungwa kwa uzi mweusi uliozungushwa na kuzungushwa.

Walitazamana. Siti alikuwa ameandaa maneno makavu ya kumpokelea, ila yote yalimtoroka. Aliuona ule uzi tu.

"Karibu," alisema.

"Asante," Bisi akasema, na ilikuwa ile sauti, ile ya kwenye simu, imetoka kwenye mdomo wa mtu. Siti ilibidi ashike kitasa.

"Muingize mgeni ndani, mwanangu," mama akaita kutoka kwenye kochi. "Au mnatazamia hapo mlangoni?"

Bisi akaingia, akawaamkia wazee. "Shikamoo mzee. Shikamoo mama."

"Marahaba," mama akasema, akamtazama usoni, akatabasamu. "Wanasema kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Wewe yako umeivaa machoni."

Bisi akaugusa ule uzi, akacheka kwa aibu. Kicheko chake kiliingia ndani ya nyumba kama mtu anayejua pa kukaa. Mzee Mtambo peke yake hakucheka. Alikuwa kwenye kiti chake karibu na televisheni, mikono juu ya magoti.

"Ndiye wewe wa bisi?"

"Ndiye mimi, mzee. Nimekuleteeni." Akautoa ule mfuko. "Nimetembea nazo kutoka kituoni. Sasa ni baridi kweli."

"Unatengeneza lifti."

"Ndiyo, mzee."

"Lifti ikikwama na watu wamo ndani, unaanza na nini?"

Bisi hakufikiri. "Naanza kuongea nao. Nawaita kutoka juu, nawauliza majina yao, nawaambia nipo hapa na sitaondoka. Spana inafuata baadaye."

Siti, aliyemjua baba yake, aliona kidole gumba cha mzee kikipapasa goti mara mbili. Hivyo ndivyo alivyofanya zamani, mkanda wa picha ulipokaa sawasawa kwenye mtambo.

"Mkalishe," mzee akamwambia binti yake. "Mimi natafuta rimoti."

Bisi akakalia kigoda karibu na dirisha. Siti akachukua kijisanduku cha kazi alichokuwa akitembea nacho mkobani, akavuta kiti mbele yake.

"Lete hiyo miwani."

"Siku ya leo unapumzika."

"Lete."

Akaivua mwenyewe usoni mwa Bisi. Vidole vyake viligusa nywele za juu ya sikio, na wote wawili wakajifanya hawakuona. Akaukata uzi, akachagua skrubu ndogo kama punje ya mtama.

"Ilivunjika lini?"

"Wiki ile uliyozima simu. Nilikaa juu yake."

"Na mafundi wote wa mji huu walikuwa wamefariki?"

"Wapo." Bisi alikuwa akimtazama kwa macho ya mtu asiyeona mbali, amekunja paji la uso. "Namjua fundi mmoja. Nilikuwa nasubiri awashe simu."

Siti akainamisha kichwa juu ya bisibisi, maana mashavu yalikuwa yamepata moto. Alikaza skrubu, akapima mkono wa miwani kwa kuufungua na kuufunga, akaupinda kidogo nyuma, uwe sawa na lile sikio kubwa.

"Sikuoni," Bisi alisema polepole. "Nimekuja safari yote hii, nimekaa mbele yako, na sikuoni. Naona rangi tu."

"Rangi gani?"

"Nzuri."

"Bisi." Aliangalia nyuma, baba yake bado alikuwa ameinama akitafuta rimoti chini ya magazeti. Akashusha sauti. "Baba amesema picha ikiisha, unaaga. Na ndiyo basi."

"Na wewe umesemaje?"

"Nilisema ndiyo. Nilikuwa na hasira."

Bisi akasema jambo ambalo Siti hakulielewa wakati ule. "Basi tuombe iwe ndefu. Mimi nadhani ni ndefu kuliko unavyoijua."

Alitaka kumuuliza ana maana gani, ila rimoti ilikuwa imepatikana chini ya mto wa mama, na mama alikuwa akijitetea kwamba hajui imefikaje hapo. Siti akamvisha Bisi miwani yake. Bisi akapepesa macho, akamtazama, akaendelea kumtazama, akasahau kufunga mdomo.

"Haya," mama akasema. "Amepona."

Picha iliyotazamwa haikutoka kwenye diski ya zamani ya Mzee Mtambo, ile waliyozoea kuitazama nyumbani. Mama Pazia alikuwa ameagiza kwamba atakayetembelea ndiye alete picha, na Bisi alikuja nayo kwenye flashi ndani ya mfuko wa shati. Mzee akazima taa, akafunga mapazia. Hata mchana, picha kwake ilikuwa haianzi mpaka chumba kiwe na giza.

Ikaanza. Na ilikuwa jambo la ajabu namna furaha ilivyoingia bila kuitwa. Mama aliyajua maneno ya picha, aliyasema kabla ya wenyewe kuyasema. Ilipofika pale mtengeneza miavuli anapojaribu kufungua mwavuli ndani ya duka akaangusha rafu nzima, Siti na Bisi wakacheka kwa pumzi moja, kama walivyokuwa wakicheka kwenye simu, isipokuwa sasa magoti yao yalikuwa karibu. Bakuli la bisi likapita. Mzee akachukua kiganja kimoja, akakishika, akasahau kula. Siti akaliona hilo, akamgusa Bisi kiwiko amwonyeshe. Bisi naye alikuwa ameshika bisi zake vivyo hivyo.

Ikafika stesheni. Binti akapandishwa behewa la tatu. Kijana akabaki na mwavuli. Treni ikapiga honi.

Mzee Mtambo akasimama. Siti alijua atasimama. Siku zote alisimama hapo. Kule ukumbini ilikuwa kazi yake kuwasha taa, na alikuwa na desturi ya kwenda kwenye swichi mapema ili aziwashe mojamoja, polepole, watu wapate nafasi ya kujifuta machozi kabla ya kuonana. Alifika ukutani, akaweka mkono juu ya swichi. Moshi ukatanda kwenye kioo.

"Mwisho," akasema, kwa sauti ya chini, kama anayefunga sala.

"Mzee," Bisi akasema kwa adabu, hakuinuka, hakupandisha sauti. "Naomba usiwashe kwanza. Nadhani yangu imebaki kidogo."

Moshi ulikuwa ukitawanyika. Siti hakuwahi kuuona ukitawanyika. Nyuma yake kulikuwa na reli, na mvua ya manyunyu, na kijana anatembea kuondoka, ameufungua ule mwavuli wa kike wenye maua, peke yake. Na mbali kule, upande wa pili wa reli, mtu alikuwa akija, ameshika viatu mkononi, sketi imeloa mpaka magotini.

"Nini hiki?" Mzee Mtambo akauliza.

Binti akamfikia kijana kwa nyuma, akaingia chini ya mwavuli. Kijana akageuka. Binti, akiwa anahema, akasema, "Nimerudia mwavuli wangu."

"Simamisha," mzee akasema. "Hebu simamisha hapo."

Bisi akabonyeza. Wale wawili wakaganda chini ya maua, mvua imeganda hewani. Kisha mama akaanza kucheka. Alicheka taratibu, akicheka mabegani kwanza, mpaka akashika mbavu.

"Kwa hiyo alirudi," alisema. "Umri wote huu. Alirudi."

"Mama, unacheka nini?" Siti akauliza. "Baba, mbona yetu haina hiki?"

"Muulize aliyeuchoma mkanda wa mwisho," mama akasema.

"Haukuchomwa," mzee akasema kutoka ukutani. "Uliungua."

"Uliungua ukiwa mikononi mwa nani?" Mama akamgeukia binti yake, akifuta machozi. "Mwanangu, nilidhani alikwambia. Mimi nilikuwa nauza tiketi pale. Siku picha hii ilipoonyeshwa mara ya kwanza, nilifunga dirisha langu mapema nikaingia ndani, nikakaa siti ya nyuma. Baba yako yuko juu kwenye kidirisha. Badala ya kutazama mtambo ananitazama mimi. Mkanda ukakwama mbele ya taa, taa ile ilikuwa kama jiko. Ukashika moto."

"Watu hawakukimbia?"

"Wakimbie nini? Kwenye kioo kuna moshi wa treni, na moshi wa mkanda nao umo humohumo. Walidhani ndiyo picha yenyewe. Walilia. Mimi peke yangu nilijua penye moshi pana moto, nikapanda ngazi."

Siti akamtazama baba yake. Mzee bado alikuwa na mkono kwenye swichi, uso ameuelekeza ukutani, lakini masikio yaliyoiva kwa aibu yalikuwa yakimsaliti.

"Moto nilikwishauzima," alisema. "Nikachukua kipande cha kioo na rangi, nikaandika neno la mwisho juu yake, nikalimulika. Watu wakapiga makofi. Mwenye ukumbi akasema picha fupi ndiyo nzuri. Ikawa ndiyo hiyo. Ukumbi ulipofungwa, rafiki yangu akanirekodia diski, na kile kioo nikakiweka mwishoni kama kawaida."

"Na herufi zikapinda kwa sababu mkono ulikuwa unatetemeka," Siti akasema. "Kwa hofu ya moto."

"Hofu gani? Moto ulikuwa umezimika." Mzee akakohoa. "Mama yako alikuwa amesimama mlangoni mwa chumba cha mtambo. Hakuwahi kufika huko juu kabla ya siku ile."

Mama akaacha kucheka. Alimtazama mumewe kwa namna iliyomfanya Siti atamani kuangalia pembeni, ila hakuangalia pembeni.

"Hilo hukuniambia," mama akasema.

"Ningeanzia wapi?"

Siti akakigeukia kigoda. Bisi alikuwa anachezea rimoti, anatazama chini kama mtu aliyeingia chumba kisicho chake. Mambo yakaanza kujipanga kichwani mwa Siti, moja baada ya jingine.

"Ulijua," akamwambia.

"Nilihisi tu." Bisi akasogeza miwani yake, ingawa haikuhitaji kusogezwa. "Uliandika habari za zile herufi. Nilipotulia nikausoma tena uhakiki wako, polepole. Nikajua hakuna mtengeneza picha anayeandika hivyo. Pale pana mkono wa mtu. Na kwa ulivyouandika, nikajua mtu huyo unampenda."

"Kipande hiki ulikuwa nacho. Ungekiweka kikundini, ungeshinda siku ileile."

"Ningeshinda nini, Siti?"

"Walikuita kondoo."

"Kondoo ni mnyama mzuri," Bisi akasema. "Kama ningekiweka, ungeaibika mbele ya watu wote, na mzee naye angeaibika ilhali hayupo hata kujitetea. Nikaona bora tuitazame hapa. Mkanda wenyewe ni wenu. Mwisho wake ulistahili kuonekana na nyinyi kwanza."

Siti alifikiria siku zote zile alizoiacha simu imezimwa, na mtu huyu amekaa juu ya lifti zake akichekwa, miwani imefungwa uzi, ameshika ushindi mfukoni na hautoi. Aliunyoosha mkono, akaiondoa punje ya bisi iliyonasa kwenye kola ya lile shati lililopigwa pasi vibaya. Haikuwa inamsumbua mtu. Akaiondoa tu.

Mzee Mtambo aliliona hilo. Alikuwa ametumia maisha yake akitazama watu kutoka nyuma, gizani, na hakuna asiloliona.

"Malizia," alisema.

Bisi akabonyeza. Chini ya mwavuli wa maua wale wawili wakaanza kutembea, mvua ikaendelea, na neno likaja kwenye kioo, kubwa, limenyooka kama limepigwa rula.

"Herufi zako zilikuwa nzuri zaidi," mama akamwambia mumewe.

Kisha kila mtu akakumbuka sharti. Bisi akaweka rimoti juu ya meza, akasimama. Akakunja ule mfuko mtupu wa bisi, akaukunja tena, akautia mfukoni. Siti akasimama naye.

"Mzee, mama, asanteni sana," Bisi akasema. Sauti yake ilikuwa imara. "Picha imeisha."

"Unakwenda wapi?" mzee akauliza.

"Ulisema, mzee. Picha ikiisha nitaaga."

"Nilisema." Mzee Mtambo akaiacha swichi bila kuiwasha. Akarudi mpaka kwenye kiti chake, akakaa, akazikuta mkononi mwake zile bisi alizozisahau, akazitazama, akazila. "Lakini mimi nilikuwa nimesimama. Pale anaporudi sikupaona vizuri. Wewe ulipaona?" akamuuliza mkewe.

"Mimi nilikuwa na machozi," mama akasema mara moja. "Sikuona kitu."

"Umeona? Hatujaiona sisi hii picha. Irudishe nyuma, kijana. Irudishe mbali kidogo."

"Mpaka wapi, mzee?"

"Mpaka mwanzo."

Siti aligeuka dirishani, akajifanya ananyoosha pazia lililokuwa limenyooka. Nyuma yake alimsikia mama akisogea kwenye kochi, akipigapiga mahali palipobaki wazi. "Njoo ukae huku, baba. Kigoda hicho ni cha kuwekea ndoo." Na alimsikia Bisi akisita, kisha akija.

Simu ya Siti ikatetemeka. Alikuwa ameiwasha asubuhi ile, mara ya kwanza tangu ugomvi, na kikundi kizima kilikuwa kimekaa juu yake kama kunguru kwenye waya. Aliyeandika alikuwa Mama Pazia: "Haya, tuambieni. Alirudi au hakurudi?"

Siti akaenda kukaa. Palikuwa na nafasi ndogo kati ya mama na Bisi, akaingia hapohapo. Kwenye kioo duka la miavuli lilikuwa linafunguliwa upya, na baba yake, aliyekuwa hajui kukaa picha mpaka mwisho, alikuwa ameegemea kiti na miguu ameinyoosha. Mkono wa Bisi ulikuwa juu ya kochi, kiganja kimeangalia juu, hakiombi wala hakikimbii. Siti akauweka wake ndani yake. Kwa mkono uliobaki akamjibu Mama Pazia:

"Bado tunatazama."